Mwongozo wa kupima ubora wa maji ya Ziwa Viktoria kwenye mialo ya Mwanza

Mvuvi wa Mwanza anaposema kwamba ziwa limechafuka, anazungumzia upepo na mawimbi, na yeyote anayemsikia huelewa kwamba siku hiyo mitumbwi itabaki nchi kavu. Kuchafuka kwa namna ya pili, yaani maji kupokea kinyesi, mbolea, mafuta na taka za mji, hakuna dalili ya wazi kama hiyo. Maji maangavu yanaweza kubeba bakteria wa kuhara, na maji ya rangi ya udongo baada ya mvua yanaweza kuwa na tope tu ambalo litatulia kesho yake. Namna ya kuyatofautisha ni kupima kwa utaratibu uleule, mahali palepale, mwezi baada ya mwezi, na kuandika kila kinachopimwa.

Kuandika ndiko kunakolipa. Watafiti waliopima uangavu wa maji katikati ya ziwa hili miaka ya 1920 kwa kuzamisha sahani nyeupe waliendelea kuiona hata iliposhuka zaidi ya mita 5. Kufikia miaka ya 1990 sahani ya namna hiyo ilipotea machoni ndani ya mita 3 za kwanza katika sehemu nyingi. Badiliko hilo kubwa la ziwa tunalijua leo kwa sababu kuna mtu aliandika namba, tarehe na mahali, akalitunza daftari lake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia mwalo), wafugaji wa samaki kwenye vizimba, walimu wa sayansi na vikundi vya mazingira vinavyotaka kufuatilia hali ya maji ya mwalo wao, yaani mahali mitumbwi inapofikia na kushusha samaki. Hautoshi kumwezesha mtu kutangaza kwamba maji fulani ni salama kwa kunywa; hilo huamuliwa na maabara yenye mamlaka. Unatosha, hata hivyo, kumwezesha kugundua mapema kwamba jambo limebadilika, na kulithibitisha kwa ushahidi ambao mtaalamu hatautupa.

Kabla ya yote, msomaji azingatie kwamba vitabu na vifaa vingi vya kupimia maji vimetayarishwa kwa ajili ya bahari. Maji ya bahari yana chumvi takriban gramu 35 katika kila kilo moja, ilhali maji ya Ziwa Viktoria hayafikishi hata gramu moja kwa lita. Tukitumia kipimo cha uwezo wa maji kupitisha umeme, ambacho hutuonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka, bahari husoma takriban mikrosimensi 50,000 kwa sentimita, na ziwa letu husoma takriban 100. Kifaa kilichorekebishwa kwa bahari kitayaona maji yetu kama hayana kitu. Wenzetu wa Tanga na Kilwa wanatafuta badiliko dogo ndani ya chumvi nyingi. Sisi tunatafuta chumvi kidogo iliyoongezeka ndani ya maji yaliyo karibu matupu, na hali hiyo ni faida kubwa kwetu, kama itakavyoonekana mbele.

Hatua ya kwanza: Andika swali kabla ya kununua kifaa

Mwenye vizimba anataka kujua kama samaki wake watapata hewa ya kutosha usiku. Kijiji kinachochota maji ziwani kinataka kujua kama kuna kinyesi. Mwalo ulio karibu na mdomo wa Mto Mirongo unataka kujua mto unaleta nini kutoka mjini na kinafika wapi. Maswali hayo matatu yanahitaji vipimo tofauti, saa tofauti na fedha tofauti. Swali liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sentensi moja, na kila atakayependekeza kipimo kipya aonyeshe kinajibu nini katika sentensi hiyo.

Hatua ya pili: Chagua vituo na uvishikilie

Maji yanayogusa ufukwe yanaeleza hali ya ufukwe tu. Kwa mwalo mmoja, vituo vinne vinatosha kuanzia: kimoja pale uchafu unapoingia, yaani mdomo wa mto au mfereji, kimoja kwenye mwalo wenyewe, mahali ambapo watu huoga, hufua na kuosha dagaa, kimoja nje kidogo, mahali penye kina cha mita 5 au zaidi, na cha nne mbali na uchafu wote, ili kiwe cha kulinganishia. Kituo hiki cha nne ndicho ambacho vikundi vingi hukiacha ili kuokoa mafuta ya injini, na bila hicho hakuna anayeweza kusema kama badiliko limetokea kwenye mwalo au limetokea ghuba nzima. Ghuba ya Mwanza ni mkono mrefu wa maji ulioingia nchi kavu, na upepo ukigeuka maji yake yote yanaweza kubadilika rangi kwa siku chache bila mtu yeyote kumwaga kitu.

Mahali pa kituo paandikwe kwa namna mbili. Ya kwanza ni latitudo na longitudo kama simu inavyozisoma. Ya pili ni ile ambayo wavuvi huitumia kurudi kwenye nyavu zao: kulinganisha alama mbili za nchi kavu, kwa mfano jiwe fulani likiwa limenyooka na mnara wa msikiti, na upande mwingine ncha ya kisiwa ikiwa imenyooka na mlima. Simu huisha chaji, lakini mawe ya Mwanza hayahami. Atakayeshika daftari baada yako miaka mitano ijayo ataweza kukipata kituo hichohicho.

Ikiwa kituo kinaangukia ndani ya eneo la Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, ruhusa iombwe kwanza. Vilevile mwenyekiti wa mwalo na afisa uvuvi wa eneo waarifiwe kabla ya safari ya kwanza, kwa sababu watu wanaochota maji kwa chupa na kuandika mambo huzua maswali.

Hatua ya tatu: Panga saa

Ziwa lina mwendo wake wa siku. Mchana, mwani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua na kula hewa ya ukaa, hivyo oksijeni hupanda na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji (7 ni katikati, chini yake ni uchachu), hupanda pamoja nayo. Usiku mwanga haupo, viumbe vyote vinavuta oksijeni, na alfajiri ndipo inapokuwa chini kabisa. Maji yaleyale yanaweza kusoma miligramu 9 za oksijeni kwa lita saa tisa alasiri na miligramu 4 saa kumi na mbili alfajiri. Anayepima Januari alasiri na Februari alfajiri ataandika kwamba ziwa limeharibika, na hatakuwa amesema kweli.

Kwa ufuatiliaji wa kila mwezi, anza saa nne asubuhi. Jua linakuwa limepanda vya kutosha kwa kipimo cha uangavu, na kwa kawaida upepo wa mchana haujawa mkali. Mwenye vizimba aongeze kipimo cha pekee cha oksijeni kabla ya jua kuchomoza, angalau mara moja kwa wiki, kwa kuwa samaki wa vizimba hufa alfajiri.

Mwaka nao una mwendo wake. Kati ya Juni na Agosti, pepo za kusini-mashariki hupoza na kuchanganya maji ya juu na ya chini. Kuanzia miezi ya vuli hadi masika maji ya juu hupata joto na kuelea juu ya yale ya chini, na katika sehemu zenye kina kirefu maji ya chini huishiwa oksijeni taratibu. Kwa hiyo Oktoba ilinganishwe na Oktoba, wala isilinganishwe na Julai. Na kama mvua imenyesha ndani ya saa 24 zilizopita, hilo liandikwe juu ya ukurasa kwa herufi kubwa.

Hatua ya nne: Tayarisha na uhakiki vifaa

Vifaa vya lazima si vingi: diski ya uangavu, kipimajoto, kifaa cha kupimia pH na upitishaji umeme, namna ya kupima oksijeni, chupa za sampuli, boksi la kutunzia baridi lenye barafu, kamba, glavu, daftari na penseli.

Diski ya uangavu huitwa diski ya Secchi, kwa jina la padri na mwanasayansi wa Italia aliyeitumia mwaka 1865. Fundi wa bati yeyote anaweza kuitengeneza. Ni duara lenye upana wa sentimita 20, lililogawanywa robo nne, mbili nyeusi na mbili nyeupe zinazopishana. Inafungwa kamba katikati na uzito chini yake ili ishuke ikiwa imelala sawasawa. Kamba itiwe alama kila sentimita 10. Iloweshwe kwanza, ndipo ipimwe kwa futi kamba ya fundi, kwa sababu kamba ikiloa hubadilika urefu, na alama zilizotiwa ikiwa kavu zitakudanganya kila mwezi.

Kifaa cha pH kirekebishwe asubuhi ya safari kwa myeyusho wa 7 na wa 10, kwa kuwa maji ya ziwa hukaa kati ya hapo. Wale wanaorekebisha kwa 4 na 7 wanaiacha wazi sehemu ambayo maji yetu yapo. Kifaa cha upitishaji umeme kirekebishwe kwa myeyusho wa kiwango cha chini, kwa mfano ule wa mikrosimensi 84.

Kifaa cha oksijeni kinahitaji kuambiwa mwinuko wa mahali. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani. Maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa kule pwani hubeba oksijeni takriban miligramu 8.3 kwa lita. Hapa Mwanza hubeba takriban 7.2. Anayelinganisha na jedwali la pwani ataona 7.2 na kudhani kwamba kuna upungufu, ilhali maji yake yameshiba.

Vyombo visuuzwe kwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa ili yasibaki na chumvi. Chupa inayouzwa madukani kwa jina la maji ya betri isomwe kwanza, kwa kuwa jina hilohilo watu hulitumia kwa tindikali. Chupa za kupimia fosfati zisioshwe kwa sabuni, maana baadhi ya sabuni zina fosfati na zitaacha jibu la uongo ndani ya chupa.

Hatua ya tano: Jilinde

Kichocho kipo kwenye fukwe zetu. Vimelea vyake hutoka kwa konokono waishio kwenye majani na maji yaliyotulia, na hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini bila yeye kuhisi kitu. Mpimaji asiingie majini miguu mitupu hata kwa dakika moja. Avae mabuti marefu na glavu, au achote kutoka kwenye mtumbwi au juu ya jiwe. Anayeloa ajikaushe mara moja kwa kusugua kwa taulo, na atumie dawa wakati wa zoezi la ugawaji au akapimwe kituo cha afya.

Ndani ya mtumbwi, kila mtu avae jaketi okozi tangu nchi kavu, na nahodha ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu hali ya hewa. Kipimo kilichokosekana mwezi mmoja huachwa wazi kwenye daftari na kuandikwa sababu. Hakuna sampuli inayostahili roho ya mtu.

Hatua ya sita: Kazi ya kituoni

Ukifika, zima injini upande ambao upepo hauleti mafuta na moshi kwenye sehemu unayotaka kuchota. Kabla ya kugusa maji, angalia na uandike: rangi ya maji, harufu, povu, mafuta yanayong'aa, magugu maji, taka, samaki waliokufa, mifugo, watu wanaofua. Dakika mbili za macho huokoa saa nyingi za kubahatisha baadaye.

Sampuli ya bakteria huchukuliwa kwanza, kabla ya kitu kingine kuyagusa maji. Chupa iwe imetakaswa na maabara, na kifuniko kisifunguliwe mpaka dakika ya kuchota. Shika chupa chini, mbali na mdomo wake. Fungua kifuniko na ukishike kikiangalia chini, bila kukiweka popote. Zamisha chupa ikiwa imeinamishwa mdomo chini hadi kama sentimita 30, usawa wa kiwiko, kisha uigeuze mdomo utazame juu kidogo kuelekea yanakotoka maji, na uisogeze mbele wakati inajaa ili maji yaliyogusa mkono wako yasiingie. Itoe, mwaga kidogo ibaki nafasi ya vidole viwili juu, kwa kuwa maabara itahitaji kuitikisa, na ufunge. Usiisuuze. Ndani ya dakika hiyohiyo iingie kwenye boksi la barafu, gizani, na ifike maabara ndani ya saa sita. Bakteria ni viumbe hai: ukiwaacha juani, wengine watafa na wengine watazaliana, na jibu utakalopewa litahusu safari ya chupa badala ya ziwa. Kubaliana na maabara kabla, na uepuke Ijumaa, kwa sababu sampuli hukaa kwenye joto la nyuzi 44 kwa takriban siku nzima na lazima kuwe na mtu wa kuisoma kesho yake.

Oksijeni na joto hupimwa ndani ya ziwa lenyewe, kwa kushusha ncha ya kifaa hadi nusu mita, kisha katikati ya kina, kisha mita moja juu ya tope la chini. Subiri namba itulie. Asiye na kifaa cha umeme anaweza kutumia njia ya Winkler, ambayo ina zaidi ya miaka 130 na bado inaaminika kuliko vifaa vingi vya bei nafuu. Chupa hujazwa pomoni bila punje ya hewa, kinyume kabisa na ile ya bakteria, na kutiwa dawa mbili, ya manganisi na ya iodaidi. Hapo maji hubadilika rangi mbele ya macho yako: wingu zito hutokea na kushuka taratibu. Likiwa la kahawia, oksijeni ipo. Likiwa jeupe kama maziwa, oksijeni hakuna. Baada ya hapo hutiwa tindikali, na kiasi hupatikana kwa kudondosha thiosalfeti mpaka rangi ya buluu ya wanga ipotee. Wanafunzi waliowahi kuchota maji ya chini ya ghuba wakati wa joto na kuliona wingu jeupe hawasahau tena kwamba kuna sehemu za ziwa ambazo samaki hawezi kuishi.

Chupa ya kienyeji ya kuchotea maji ya kina, yaani ile yenye jiwe chini na kizibo kinachovutwa kwa kamba, inafaa kwa pH na virutubisho kama nitrati na fosfati. Isitumike kwa oksijeni, kwa sababu maji yakiingia hutoa mapovu na kujichanganya na hewa iliyokuwa ndani.

pH na upitishaji umeme hupimwa papo hapo. Kwa wenye vizimba, pH isomwe pamoja na amonia, kemikali inayotokana na uchafu wa samaki. Katika pH ya 7, sehemu ya amonia yenye sumu kwa samaki haifiki asilimia 1. Katika pH ya 9, kwa joto la nyuzi 25, inazidi theluthi. Kipimo kilekile cha amonia kinaweza kuwa cha kawaida asubuhi na cha hatari alasiri.

Sampuli za nitrati na fosfati huchotwa baada ya kusuuza chupa mara tatu kwa maji ya kituo, na hutunzwa kwenye barafu. Mwisho ni diski. Ishushwe upande wa mtumbwi wenye kivuli, bila miwani ya jua, mpaka ipotee, soma kamba. Ivute taratibu mpaka ionekane, soma tena. Wastani wa namba hizo mbili ndio uangavu. Watu wawili wapime, kila mmoja bila kumwambia mwenzake.

Hatua ya saba: Fuata njia ya uchafu

Hapa ndipo ile faida ya maji matupu inapoonekana. Kwa kuwa ziwa husoma takriban mikrosimensi 100, maji ya chooni, ya mitaro na ya viwandani, ambayo hubeba chumvi nyingi, hujionyesha mara moja. Tuseme kituo chako cha nje kinasoma 100, mwalo unasoma 140 na mdomo wa mfereji unasoma 400. Rudi nchi kavu na upande kandokando ya mfereji ukipima kila hatua hamsini. Namba itashikilia 400, 400, 390, kisha ghafla itashuka hadi 220. Simama hapo. Kati ya hatua hizo hamsini za mwisho kuna bomba, shimo linalovuja au mfereji mdogo unaoingia, na kwa kawaida macho na pua vikishaambiwa mahali pa kutafuta huupata. Kazi hii huhitaji kifaa kimoja na asubuhi moja, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa kikundi kisicho na fedha.

Ifanywe siku kavu, kwa kuwa maji ya mvua huzimua kila kitu. Na namba peke yake isichukuliwe kuwa ushahidi wa kinyesi; hapo ndipo inapofaa kutumia fedha za maabara, kwa chupa mbili tu za bakteria, moja juu ya mahali ulipopashuku na moja chini yake.

Hatua ya nane: Mwani wa kijani unapotanda

Baada ya siku kadhaa za joto na utulivu, maji ya pembezoni huweza kuvaa utando wa kijani unaofanana na rangi ya mafuta iliyomwagika. Si kila kijani ni hatari, lakini bakteria wa kijani-buluu wanaweza kutoa sumu inayodhuru ini. Ili kuwatambua, vaa glavu, jaza chupa angavu ya glasi robo tatu, na uiache mahali pasipotikiswa kwa saa chache. Wanaoelea na kufanya pete ya kijani juu, maji ya chini yakibaki maangavu, huenda ni hao, kwa kuwa wana vifuko vya hewa. Mwani wa kawaida na tope huelekea kushuka chini. Utambulisho kamili hufanywa kwa hadubini, lakini usisubiri ndipo uwaonye watu. Waambiwe wazi kwamba kuchemsha maji hayo hakuondoi sumu, na kwamba ng'ombe, mbuzi na mbwa wasiyanywe.

Hatua ya tisa: Daftari

Kila sampuli iwe na tarehe, saa, kituo, kina, jina la aliyechota, namba ya kifaa na siku kilipohakikiwa. Andika kwa penseli au kalamu isiyofutika. Mwaka wetu wa kwanza tuliandika lebo kwa kalamu ya kawaida. Barafu ikayeyuka, na tulipofungua boksi maabara tulikuta chupa sita zikielea kwenye maji ya rangi ya wino, hakuna hata moja yenye jina. Mafuta, barafu na siku nzima ya watu wanne vilipotea, na mwezi ule kwenye daftari uko wazi hadi leo.

Kosa likitokea, likatwe kwa mstari mmoja ili namba ya zamani isomeke, na asahihishe mwenyewe kwa kutia saini. Katika kila sampuli kumi, moja ichukuliwe mara mbili. Na katika kila safari, chupa moja ya maji yaliyokenekwa isafiri pamoja na nyingine na kupimwa kama ni ya ziwa. Ikirudi na fosfati, uchafu umetoka kwenye mikono au chupa zako. Picha za kurasa zipigwe kabla ya kulala.

Hatua ya kumi: Kusoma namba na kuzifikisha

Usitangaze jambo kwa kipimo kimoja. Kipimo cha ajabu kirudiwe ndani ya siku mbili, isipokuwa samaki wanakufa. Hapo pima oksijeni papo hapo katika kina chote, chukua samaki wanaokaribia kufa badala ya waliooza, waweke kwenye barafu, na umpigie afisa uvuvi simu kabla hujatoka majini. Oksijeni chini ya miligramu 4 kwa lita asubuhi ni onyo la kupunguza chakula cha samaki. Chini ya 2, sangara hawavumilii, na hata sato wataonekana wakihema juu ya maji. Kwa bakteria wa E. coli, ambao ni dalili ya kinyesi, maji ya kunywa hayaruhusiwi kuwa na hata mmoja katika mililita 100, kwa hiyo kwenye mwalo ambao watu huchota maji ya nyumbani, idadi yoyote ni sababu ya kuwataka wayatibu.

Matokeo yapelekwe kwa barua yenye jedwali na ramani ya vituo. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Viktoria, iliyo hapahapa Mwanza, hushughulikia utiririshaji wa majitaka kwenye vyanzo. NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) Kanda ya Ziwa husimamia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo pia inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) na chuo cha uvuvi cha FETA kilichopo Nyegezi ni mahali pazuri pa kuomba ushauri. Usimtaje mtu au kiwanda kwenye barua kama hujapima juu na chini ya bomba lake. Nakala ibandikwe mwaloni, kwa maneno ya kawaida, kwa sababu wanaooga hapo kila jioni wana haki ya kujua kabla ya ofisi yoyote kujibu.

Baada ya safari, suuza vifaa vyote kwa maji safi, ondoa majani na konokono walionasa kwenye kamba na nanga ili usiwahamishie mwalo mwingine, na uanike juani. Ncha ya kifaa cha pH ihifadhiwe ndani ya myeyusho wake wa kutunzia. Ikikaa ndani ya maji yaliyokenekwa au ikikauka huharibika, na hutagundua mpaka asubuhi ya safari ijayo. Kisha fungua ukurasa mpya, andika tarehe ya mwezi ujao na jina la atakayebeba barafu.